Fungu la Mkono: Kisa cha Picha Niliyoisahihisha Usiku

Jumatatu ile binti, mwanafunzi wangu wa uchoraji, alifika nusu saa kabla ya wenzake. Akaniamkia, akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki na kunikabidhi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na shilingi 70,000, noti saba za elfu kumi kumi, zimenyooshwa vizuri.

"Za nini hizi?"

"Fungu lako, Mwalimu. La mkono."

Picha yake ilikuwa imenunuliwa Jumamosi kwa shilingi 210,000, kwenye maonyesho yetu ya kufunga muhula. Sabini ni theluthi. Kwa mjomba wake, mchonga vinyago wa Mwenge, anayekata gogo na kutoa umbo huchukua fungu kubwa, na anayekuja kumalizia uso au mikono hupewa theluthi. Hakuna anayeona ajabu. Binti alikuwa amepiga hesabu kwa uaminifu: mwili wa picha wake, mkono wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba mkono ule niliupaka mimi.

Kisa hiki nimewasimulia walimu wenzangu wa uchoraji mara nyingi, kila mara kwa kifupi, na kila mara nimeona kinaeleweka kirahisi mno: mwalimu kagusa kazi ya mwanafunzi, kakosea, basi. Kumbe kugusa ndiko kulikokuwa kosa dogo. Safari hii nakiweka chote mezani, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Darasa lenyewe ni la jioni, Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa kukodi wenye feni mbili na taa zinazotosha nusu ya chumba. Tulikuwa na wanafunzi 14 muhula ule. Wengi wao hawakuwa wameshika penseli ya kuchorea tangu shule ya msingi. Muhula ni miezi minne, na unafungwa kwa maonyesho ya siku moja ambayo tunaalika ndugu, majirani, na watu wachache wanaonunua picha. Wanafunzi wanapata hamasa. Mwalimu naye anapata jina, na hilo lina sehemu yake katika kisa hiki.

Binti alikuwa na miaka 21. Anaishi Tandika na bibi yake, ambaye anakaanga vitumbua kila alfajiri. Likizo za utotoni alizimalizia kwa mjomba Mwenge, akipiga msasa na kung'arisha vinyago kwa kiwi ya viatu, kwa hiyo alikuja darasani na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: subira ya karakana. Angeweza kukaa saa mbili kwenye kipande cha picha kisichozidi kiganja bila kulalamika. Na alikuwa na jicho la rangi. Sijui lilitoka wapi. Wanafunzi wengi wakitaka giza wanachukua rangi nyeusi kwenye chupa. Yeye alichanganya bluu na kahawia mpaka giza likawa na joto ndani yake.

Picha aliyochagua kwa maonyesho ilikuwa ya bibi. Ubao wa sentimita 60 kwa 80, rangi za akriliki. Saa kumi na moja alfajiri, bibi kaketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, kikaango cha vitumbua kiko motoni, mwanga unatoka chini na kumwangaza kidevu na tundu za pua. Moshi aliupaka kwa rangi ya zambarau iliyopauka, na nyuma ya moshi ukuta haukuonekana ila ulihisika. Niliposimama mbele ya ubao ule mara ya kwanza nilinyamaza. Kwa miaka yote niliyofundisha sijapata kuwa na mwanafunzi wa muhula wa kwanza aliyeniletea mwanga wa namna ile.

Kisha jicho likashuka mkononi. Mkono wa kulia wa bibi, ulioshika kijiti cha kugeuzia vitumbua, ulikuwa mbovu. Nasema hivi wazi ili msomaji asingoje nigeuke baadaye na kudai kwamba ulikuwa na uzuri wake wa pekee ambao mimi sikuuona. Ulikuwa mbovu. Vidole vinne vililingana urefu kama meno ya reki. Kifundo hakikuwepo, mkono ulitoka moja kwa moja kwenye kigasha kama bomba. Na ulikuwa mdogo, wakati kwa mtu mzima ukiufungua kiganja na kukiweka usoni kinafunika kutoka kidevuni hadi karibu na nywele zinapoanzia. Mkono wa bibi ungeishia puani.

Kwa wiki tatu nilimwambia binti, "Uangalie huo mkono." Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaufuta, akaurudia. Wiki iliyofuata nikasema tena. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo.

Ijumaa usiku kabla ya maonyesho wanafunzi walitundika kazi zao wakaondoka mapema kuwahi usafiri. Binti aliondoka saa kumi na mbili na nusu, daladala za Tandika siku za Ijumaa mnazijua. Nilibaki na mlinzi, aliyekuwa akizungusha funguo kidoleni ili nielewe. Nilikuwa nazunguka na kitambaa kufuta alama za vidole kwenye pembe za mbao. Nikafika kwa bibi. Nikaangalia mwanga. Nikaangalia mkono. Sahani ya rangi ya mwanafunzi mwingine ilikuwa bado mbichi juu ya meza.

Ilinichukua kama nusu saa. Nilianza na kifundo, kivuli kidogo tu cha kuonyesha mahali mkono unapokunjika. Kivuli kilipokaa vizuri vidole vikaonekana vibaya zaidi, nikavipaka upya. Vidole vikataka mgongo wa mkono. Mwisho nikapitisha mstari mwembamba wa rangi ya chungwa kwenye vifundo vya vidole, ule mwanga wa makaa, na mkono wote ukainuka kutoka kwenye ubao. Nilifurahi. Nikaosha brashi, nikamwambia mlinzi samahani kaka, nikaenda nyumbani.

Kesho yake watu walisongamana mbele ya picha ile. Mwanamume mmoja, ndiye aliyeinunua, aliinama akakaribia kabisa, akamgeukia binti: "Mkono huu! Umejifunzia wapi kuchora mkono namna hii?"

Binti aliutazama mkono. Akanitazama mimi, niliyesimama upande wa pili na glasi ya juisi. Akasema, "Kwa Mwalimu."

Yule bwana akacheka, akanipa mkono wa pongezi. Niliupokea. Wengine wawili walinipongeza pia siku hiyo kwa maendeleo ya binti, na hizo pongezi zote nilizipokea.

Sasa turudi kwenye bahasha. Nilimrudishia. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayefanya wema, kwamba nilimrekebishia kidogo tu, kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwalimu na ada analipa. Akaipokea, akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda kukaa mahali pake. Wakati ule nilidhani nimeonyesha ukarimu. Nikilitazama leo naona lilikuwa baya kuliko lile la usiku, kwa sababu binti alikuwa amefungua mlango wa sisi kuzungumza nami nikaufunga. Alikuwa amekuja na njia ya heshima ya kusema "najua ulichofanya, na kina bei yake." Mimi nikamjibu kwamba hakuna kilichofanyika.

Aliendelea na muhula wa pili. Alichora picha tatu ndani ya wiki sita. Ya kwanza, mwanamke bombani, ndoo imeziba mikono. Ya pili, fundi cherehani akiwa kwenye kibaraza chake, ameonyeshwa kwa mgongo. Ya tatu, watoto watatu kwenye mvua, wamejifunika khanga moja hadi shingoni. Picha zote zilikuwa na mwanga mzuri, na mimi, kwa aibu naandika, nilimsifu kwa mpangilio. Nilisema darasani kwamba watoto wale ndani ya khanga moja ni wazo la mtu aliyekomaa.

Siku moja nilizilaza kazi za darasa zima sakafuni kuzipiga picha. Zake zilikuwa tatu zimepangana. Kutoka juu, nikiwa nimesimama kwenye kiti na simu mkononi, niliona watu watano na mikono sifuri.

Nilimwuliza baada ya kipindi, taratibu, mbona siku hizi hachori mikono. Hakujibu kwa maneno. Alifungua daftari lake la michoro. Kurasa nne zilikuwa zimejaa mkono mmoja, uleule, kulia, umeshika kijiti, kifundo kimekunjika vilevile. Alikuwa ameunakili kutoka kwenye picha ya simu aliyoipiga siku ya maonyesho. Ule wa mwisho ungeweza kunidanganya mimi mwenyewe. "Huu naujua," akasema. "Mwingine siujui."

Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyefundishwa Makerere na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alikuwa na msimamo uliojulikana na kila aliyepita pale, kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nilipokuwa kijana niliipenda sana kauli hiyo. Sasa naiona ina pande mbili. Mjomba wa binti alijifunza kwa kunakili, na waliomfundisha vilevile, na wote wana mikono inayojua kazi. Tofauti iko kwingine, na ilinichukua muda kuiona.

Nilimpelekea kisa hiki mwalimu mmoja mzee, ambaye amefundisha uchoraji tangu mimi nikiwa mtoto. Alinicheka. "Kwani tatizo liko wapi? Sisi mwalimu alikuwa anakaa kwenye kigoda chako, anachora juu ya mchoro wako, anainuka, anaondoka. Hakuna aliyelia." Akaniambia nimesoma sana mambo ya saikolojia.

Hoja yake si ya kutupwa. Dunia nzima ya sanaa imejengwa na karakana ambamo mikono ya watu wengi imeingia kwenye kazi moja. Huko Florence, Italia, kuna picha ya ubatizo wa Kristo iliyotoka kwenye karakana ya fundi mkuu Verrocchio, na malaika mmoja mle alipakwa na kijana wa kazi aliyeitwa Leonardo da Vinci. Hapa kwetu tuna mfano ulio karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kupaka rangi ya mafuta kwenye mbao mwaka 1968. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ni miaka minne tu. Katika miaka hiyo minne aliwakusanya ndugu na jamaa wachache, akina January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah, Kasper Tedo na Simon Mpata, nao wakapokea, wakawapokeza wengine, na leo zaidi ya nusu karne baadaye watu wanakula kwa mtindo ule. Hakuna chuo nchini kinachoweza kujivunia miaka minne yenye mazao kama hayo. Kwa hiyo mtu akija kuniambia njia ya karakana ni duni, namwambia aende Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga hapa Dar, akahesabu.

Lakini tazama mambo yanavyokwenda ndani ya karakana. Kwanza, kwa Verrocchio mwanafunzi ndiye aliyeweka mkono kwenye ubao wa bwana, na aliyenunua alinunua jina la bwana. Kwetu darasani ubao una jina la mwanafunzi, na mimi ndiye niliyeingia humo. Pili, na hili ndilo lililonikaa kooni: mjomba wa Mwenge akitaka kumwonyesha kijana namna ya kutoa kidole kwenye mpingo, anachukua tezo mbele ya macho yake. Kijana anaona pigo la kwanza lilipotua, anaona mjomba akisita, anaona patasi ikigeuzwa. Akija kunakili, ananakili njia. Mimi nilifanya yangu usiku, binti akiwa kwenye daladala. Nilimwachia mwisho bila njia, na kurasa nne za daftari ndizo matokeo yake.

Kwa hiyo nilichofanya hakikuwa hata karakana nzuri. Nilikuwa nimechukua uhuru wa fundi mkuu wa kugusa kila kitu, nikaacha wajibu wake wa kufanya kazi hadharani na kugawana hela. Binti ndiye aliyeukumbuka wajibu huo, akaja na bahasha.

Wenzangu wengine, waliposikia kisa, waliruka upande wa pili: usiguse kamwe, usimwonyeshe kitu, mwache ajitafute. Nao hawakuniridhisha. Historia ya Makerere inatosha kuwajibu. Margaret Trowell alianza kufundisha kwenye baraza ya nyumba yake Kampala miaka ya mwisho ya 1930, na barazani pale ndipo ilipoanzia shule ya sanaa ya chuo kile. Alikuwa na njia nzuri ambayo mpaka leo naitumia: badala ya kuweka chungu mezani na kusema chora, alisimulia tukio, wanafunzi wakaliona kichwani, kisha wakachora walichokiona. Sam Ntiro wa Machame alitoka hapo. Picha zake zina watu wadogo, viungo vimerahisishwa, hakuna anayehesabu vidole, na mojawapo, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Binti angeweza kuchagua njia hiyo. Hakuna sheria kwamba kila mchoraji lazima ajue kifundo cha mkono.

Ila Trowell huyohuyo alisita kuwaonyesha wanafunzi wake picha za Ulaya, akihofia zingewaharibu. Nia ilikuwa njema, lakini aliamua kwa niaba yao kipi wakijue na kipi wasikijue. Cecil Todd aliyempokea mwaka 1958 alifungua makabati: historia ya sanaa, nadharia ya rangi, uchoraji wa mwili. Wako waliosema alizidisha. Mimi nadhani mwanafunzi anayenyimwa maarifa ili abaki "wa asili" na mwanafunzi anayemaliziwa picha usiku wote wawili wamepatwa na jambo moja, mwalimu hawaamini.

Na binti hakuwa anarahisisha kama Ntiro. Alitaka kifundo. Alifuta na kurudia wiki tatu kwa sababu alikitaka. Hapo ndipo ninaporudi kwenye ile sentensi niliyoomba ikumbukwe. "Uangalie huo mkono." Hilo si somo. Ni sawa na kumwambia mtu aliyepotea "tafuta njia". Ratiba yangu ilikuwa na somo la mikono na miguu wiki ya tano, nami nililiruka, kwa kuwa wiki ile darasa lilikuwa limenogewa na kuchanganya rangi na sikutaka kukata utamu. Kama wiki ya tano ningewakalisha nikawaonyesha kwamba mgongo wa mkono na kidole cha kati vinakaribia kulingana, kwamba vifundo vya vidole havikai kwenye mstari ulionyooka bali vinainama kama upinde, kwamba kifundo ni kitofali kidogo kinachojigeuza kivyake, Ijumaa ile kusingekuwa na cha kusahihisha. Au kungekuwa na mkono mbovu kidogo, wa kwake. Marekebisho ya usiku wa mwisho yalikuwa deni la somo nisilolifundisha, nami nikalilipa kwenye ubao wa mtu mwingine. Na nililipa kwa sababu kipeperushi cha maonyesho kilikuwa na jina langu juu.

Tulikaa kuzungumza Jumatano moja, kwenye ngazi za nje ambako kuna upepo. Nilikuwa na kitu kimoja cha kumwonyesha: picha niliyoipiga kwa simu siku mbili kabla ya maonyesho, yenye mkono wa zamani. Nilitaka kuanza kwa kukiri. Nikakiri. Nilisema nilichofanya, saa ngapi, kwa nini, na kwamba ile Jumatatu nilimdanganya. Hakusema kitu kwa muda. Akachukua simu yangu, akakuza picha kwa vidole viwili.

"Hapa nilikuwa nimeshafika," akasema.

Alikuwa anaonyesha kidole gumba. Nikainama kuangalia. Gumba lilikuwa sahihi. Lilikaa upande wake, limejikunja kuukandamiza kijiti, kucha imeelekea pale inapopaswa kuelekea, na chini yake kulikuwa na ule mnofu unaojitokeza mtu anaposhika kitu kwa nguvu. Vidole vinne vilikuwa reki, kifundo hakikuwepo, na katikati ya uharibifu ule kulikuwa na gumba moja lililo hai. Alikuwa amelirudia kwa wiki mbili, kwa kujitazama mkono wake mwenyewe ukishika kalamu, na alikuwa amepanga kuendelea na cha shahada baada ya maonyesho. Mimi Ijumaa ile sikuliona hata. Nililipaka pamoja na mengine.

Nimeshahukumu kazi nyingi za wanafunzi na sikumbuki kuumia kama nilivyoumia pale ngazini.

Niliuliza kama bahasha bado ipo. Ilikuwepo, hajaigusa, shilingi 70,000 zilezile. Safari hii nikaipokea, na tukakubaliana namna ya kuitumia. Jumamosi tulikwenda Kariakoo pamoja na wanafunzi wengine wawili, tukanunua vioo viwili vya kujitazamia vyenye fremu za plastiki na mita kadhaa za ile nailoni nene isiyo na rangi ambayo watu hufunikia meza. Kila Jumatatu kipindi kinaanza kwa dakika 20 za kuchora mkono wako mwenyewe kiooni, kushoto au kulia, umeshika chochote: funguo, yai, nokia ya zamani. Binti anatumia kioo kwa sababu anataka kuona mkono wake wa kulia, unaochora, kutoka upande wa mbele.

Nailoni ndiyo iliyobadilisha zaidi ufundishaji wangu. Mwanafunzi akikwama na akaomba, nalaza kipande juu ya picha yake na kuchora kwa kalamu ya wino mzito juu ya nailoni, yeye akiwa amesimama pembeni, nikisema kwa sauti ninachofanya, pamoja na pale ninapobahatisha. Kisha naibandua na kumpa. Anaweza kuitumia, kuikunja, au kuitupa. Ubao wake uko vilevile alivyouacha. Watatu hivi wameshaitupa mbele yangu, na mmoja kati yao alikuwa sahihi kuitupa.

Brashi siingii nayo tena darasani. Naingia na penseli. Kazi za maonyesho zinafungwa Jumatano, na Alhamisi na Ijumaa ufunguo wa ukumbi anakaa nao kiongozi wa darasa. Wengine wanaona nimezidisha. Huenda. Mtu aliyekuwa akilewa hakai karibu na chupa. Ila sikuwa mshika dini wa jambo hili: mwaka huohuo tulipaka picha ya ukutani kwa oda, mita sita kwa mbili, na mule mikono yetu yote 15 iliingiliana, nilisahihisha pua za watu nao wakasahihisha mbingu yangu, na chini kwenye kona majina yote yameandikwa. Hela tuligawana kwa mafungu, kwa utaratibu wa mjomba, ambaye alialikwa kuja kutueleza unavyofanya kazi na akatupigia hesabu juu ya kipande cha boksi.

Yule mwalimu mzee bado anasema nimejiadhibu bure. Tukikutana ananiuliza, "Vipi, nailoni yako?" Tunacheka.

Binti amerudi kuchora mikono. Si mizuri bado. Picha yake ya mwisho ni ya mjomba akiwa na tezo, na mkono wa kushoto unaoshikilia gogo una vidole vinavyokaribia kuwa vidole. Alinizuia kuuzungumzia mpaka amalize.

Kilichobaki ni yule mnunuzi. Kwenye ukuta wa nyumba yake kuna picha yenye saini ya binti na mkono wangu, naye aliinunua, kwa maneno yake mwenyewe, kwa ajili ya mkono. Nilimwambia binti niko tayari kumpigia na kumweleza, hata kama atataka hela yake, nami nitailipa. Nilimwambia pia kwamba uamuzi ni wake, jina lililo kwenye picha ni lake. Alifikiri siku mbili. Akasema nisipige. Bwana yule aliomba aambiwe kukiwa na maonyesho mengine, akija atamwambia yeye mwenyewe, na atamwonyesha ile picha ya kwenye simu, yenye gumba.

Tumefanya maonyesho mengine mara moja tangu hapo. Tulimwalika. Hakuja.